Siku za kuzaliwa za wapiga gitaa na besi: Mbaraka, Franco na Nico ndani ya siku 11. Tupangeje?

Tumba_na_Solo

Wakuu habari zenu.

Bendi yetu inapiga kila Ijumaa kwenye ukumbi mdogo wa watu kama 80. Tunataka kila mwezi uwe na usiku mmoja wa mpiga gitaa au mpiga besi aliyezaliwa mwezi huo: vibao vyake, staili yake, maneno machache kumhusu, basi. Keki si lazima.

Tungeanzia mwisho wa Juni maana kalenda yenyewe inatubeba. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa 27 Juni 1944, Franco Luambo Makiadi 6 Julai 1938, Docteur Nico Kasanda 7 Julai 1939. Tuna magitaa matatu (solo, solo ya pili, ridhim), besi ya nyuzi nne, dramu, tumba, waimbaji wawili na mixa ya chaneli 12.

Ninachouliza: hawa watatu tuwaunganishe au tuwatenganishe? Tutapigaje wasisikike kama mtu mmoja? Tarehe za wakongwe wetu tunazipataje zenye uhakika? Na wapiga besi ni akina nani, maana kila orodha ninayoiona imejaa solo tu.

---

Gumba_na_Shahada

Tuanze na kalenda. 27 Juni hadi 7 Julai ni siku 11 ukihesabu ncha zote mbili, kwa hiyo Ijumaa moja haikosekani, na miaka mingine zinaangukia mbili. Zikiwa mbili, ya kwanza ni ya Mbaraka, ya pili ni ya Franco na Nico. Ikiangukia moja, itakuwa tarehe 1, 2 au 3 Julai. Hiyo waachieni Wakongo, na Mbaraka mpeni Ijumaa iliyotangulia, 24 hadi 26 Juni. Msiwabane wote watatu usiku mmoja. Mbaraka ndiye atakayepunjwa, kwa sababu sebene za Kinshasa (zile sehemu ndefu magitaa yanapofunguka bila uimbaji) zitakula muda wote.

Franco na Nico wanafaa kukaa pamoja kwa kuwa ni shule mbili zinazopingana, na msikilizaji akipata kimoja cha huyu kikafuatiwa na kimoja cha yule, tofauti anaisikia mwenyewe bila hotuba. Msipige vinne vya Franco kisha vinne vya Nico. Badilisheni kila kibao.

Franco, mtu wa OK Jazz tangu 1956, alikuwa akidonoa nyuzi mbili kwa pamoja, gumba na kidole cha shahada, kipande kifupi kinajirudia mpaka watu wainuke vitini. Siri yake kubwa ni sauti mbili zilizoachana kwa sita. Mpiga solo wenu afanye zoezi hili katika ufunguo wa C, uzi wa tatu (G) kwa gumba na uzi wa kwanza (E) kwa shahada. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa tatu, ya pili ni ya uzi wa kwanza:

0-0, 2-1, 4-3, 5-5, 7-7, 9-8, 10-10, 12-12

Apande na kushuka taratibu hadi mkono uache kufikiri. Panapoharibika ni uzi wa pili. Uko katikati na hautakiwi kulia kabisa, sasa ncha ya kidole cha kushoto kilichobonyeza uzi wa tatu iuguse kidogo kuunyamazisha. Wengi huleta piki hapa, wakakwangua nyuzi zote tatu, na ladha ya Franco inakufa palepale. Kosa jingine ni kubadilisha kipande kila baada ya mizunguko miwili. Franco hakuwa na haraka. Kipande kimoja kishike mizunguko minane au zaidi, kibadilike noti moja tu, halafu kiendelee.

Nico ni kinyume chake. Huyu alilelewa African Jazz ya Joseph Kabasele, ndiye yuko kwenye solo ya Indépendance Cha Cha iliyorekodiwa Brussels 1960, akaondoka na mwimbaji Tabu Ley Rochereau 1963 kuunda African Fiesta, baadaye akawa na yake ya Sukisa. Mistari yake ni mirefu, noti moja moja, safi, inaimba. Hapa mkono mzito haufai. Ongezeni mwangwi mfupi, milisekunde 100 hadi 150, unaorudi mara moja tu, tena uwe chini kuliko noti yenyewe. Ukirudi mara tatu utafunika waimbaji.

Watu wanasahau kwamba nyuma ya Nico alikuwepo kaka yake, Dechaud, kwenye ridhim. Solo ya Nico inaning'inia juu ya ridhim isiyotetereka. Kwa hiyo usiku huo mpiga ridhim wenu asijaribu kupamba chochote. Achague mchezo mmoja wa noti zilizovunjwavunjwa, aushike tangu mwanzo wa kibao hadi mwisho. Akianza kujibu solo, noti za Nico zinapoteza mahali pa kusimama.

Mbaraka naye aliimba na kupiga solo mwenyewe, Morogoro Jazz kwanza, kisha Super Volcano kuanzia 1973 na mtindo wa Masika. Kama mwimbaji wenu na mpiga solo wenu ni watu wawili, wakae bega kwa bega jukwaani na wafanye mazoezi wawili peke yao kwanza: mstari wa sauti ukiisha, gitaa linajibu bila kuacha mwanya, na gitaa linyamaze kabla sauti haijarudi. Wakiwa mbali mbali jukwaani watapishana, na hilo ukumbi wote unalisikia.

---

Santuri_45

Naongeza kwenye la mkuu hapo juu kuhusu sebene. Vibao vingi vya enzi hizo vilitoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Uimbaji uko mbele, magitaa yanafunguka nyuma. Ma-DJ wengi na hata bendi hukatia pale waimbaji wanaponyamaza. Sasa kama ni siku ya kuzaliwa ya mpiga gitaa, ukikata hapo umemfukuza mwenye sherehe. Panga dakika 8 hadi 10 kwa kibao, yaani seti ya dakika 75 inabeba vibao vinane, si kumi na tano. Muda ukibana, fupisha ubeti, sebene iache.

Kuhusu tarehe. Kwa wakongwe wa huku, ugonjwa wa kwanza ni 1 Januari. Ukiona mwanamuziki aliyezaliwa kijijini miaka ya 1920 au 1930 ameandikwa 1 Januari, mara nyingi mwaka ndio uliojulikana na mashine ikajaza siku na mwezi. Ugonjwa wa pili ni kuchanganya siku ya kufa na ya kuzaliwa. Mbaraka anakumbukwa sana Januari kwa sababu alifariki 12 Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, na wako wanaoiadhimisha siku hiyo wakidhani alizaliwa. Franco hivyo hivyo, 12 Oktoba ni kifo chake, Namur, Ubelgiji, 1989. Nico ni 22 Septemba 1985.

Utaratibu ni huu: tafuta tarehe kwenye sehemu mbili ambazo hazikunakiliana. Njia rahisi ya kujua kama zimenakiliana ni kuangalia makosa ya tahajia. Zikikosea jina la kijiji kwa namna ileile, hiyo ni sehemu moja. Maelezo ya nyuma ya jalada la santuri, taarifa ya familia kwenye msiba, mahojiano yake mwenyewe redioni, hivyo vina uzito kuliko ukurasa wowote wa orodha.

Na ambao hawana siku? Fundi Konde wa Pwani ya Kenya anajulikana kuzaliwa 1924. Mwenda Jean Bosco, baba wa udonoaji wa Katanga aliyeimba Kiswahili, ni 1930. Hawa msiwazushie tarehe. Wapeni mwezi mlio na nafasi, tangazo liseme "Usiku wa Fundi Konde, mzaliwa wa 1924", imetosha. Tangazo lenye tarehe ya kubuni litanakiliwa na kesho litakuwa "ushahidi".

Wenye tarehe mnaoweza kuwatumia bila wasiwasi: Remmy Ongala 10 Februari 1947, Kindu. D.O. Misiani wa benga, 22 Februari 1940. Lutumba Simaro 19 Machi 1938, na huyu ni nafasi ya nadra ya kumsherehekea mpiga ridhim. Ali Farka Touré 31 Oktoba 1939. Papa Noël Nedule 24 Desemba 1940, mkesha wa Krismasi, ukumbi utajaa wenyewe. Wa ng'ambo wapo tele: Django Reinhardt 23 Januari 1910, Sister Rosetta Tharpe 20 Machi 1915, B.B. King 16 Septemba 1925, Jimi Hendrix 27 Novemba 1942.

---

Besi_Nyuzi_Nne

Nilikuwa nasubiri swali la besi. Orodha zimejaa solo kwa sababu kwa miaka mingi majalada ya santuri hayakutaja mpiga besi. James Jamerson alizaliwa 29 Januari 1936, South Carolina, akapiga besi kwenye rundo la vibao vya Motown kule Detroit, na jina lake halikuwekwa kwenye jalada hadi 1971. Ikiwa Motown walifanya hivyo, fikirieni santuri za huku.

Wa kuanzia nao, kwa kufuata kalenda: Jamerson 29 Januari. Carol Kaye 24 Machi 1935, alipiga kwa piki. Bakithi Kumalo wa Soweto 10 Mei 1956. Paul McCartney 18 Juni 1942. Larry Graham 14 Agosti 1946, mtu wa kupiga kwa gumba na kunyofoa nyuzi. Richard Bona wa Cameroon 28 Oktoba 1967. Jaco Pastorius 1 Desemba 1951. Jaco na Hendrix wameachana siku nne, hiyo ni Ijumaa moja yenye watu wawili.

Jamerson kwa gharama ndogo. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, nene, na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa besi). Nyuzi za aina hiyo ni ghali na madukani hazipatikani kirahisi, lakini sponji ya kuoshea vyombo ipo kila duka. Kata kipande cha upana wa sentimita 2 kinachofika nyuzi zote nne, kisukume chini ya nyuzi kikikaribia daraja. Kiguse nyuzi tu. Kikiwa kinene kitazinyanyua, besi itapanda juu ya tuni na noti zitakatika kabla hazijasikika. Ukikiweka mbali na daraja kitazima kila kitu. Baada ya kukiweka, tuni upya. Kisha punguza toni kwenye besi hadi nusu. Vidole viwili ndio mnavyozoea, lakini jaribuni kimoja kwenye kibao hata kimoja, mtaona mahali noti zinapokaa panabadilika.

Kumalo ana jambo zuri zaidi kwa usiku wa namna hii. Ule mpasuko wa besi katikati ya You Can Call Me Al ya Paul Simon, 1986, ulirekodiwa siku yake ya kuzaliwa. Nusu ya kwanza aliipiga kwenye besi isiyo na freti, nusu ya pili ni ile ile iliyogeuzwa ikasomwa kinyumenyume studioni. Kwa hiyo jukwaani mpiga besi ajifunze nusu ya kwanza, halafu asome noti zile kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sauti ya utepe uliogeuzwa hataipata, maana noti iliyogeuzwa inaanza ndogo inakua, na uzi ukidonolewa unaanza mkubwa. Anaweza kudanganya kwa kufungua volumu na kidole kidogo kwenye kila noti, lakini kwa kasi ile ni kazi. Apige noti safi tu.

Sasa kwenye rumba, usiku wa Franco na Nico. Sehemu ya polepole, besi ipige pigo la kwanza, inyamaze la pili, ipige la tatu na la nne. Basi. Noti ya mzizi kwenye la kwanza, ya tano na ya nane kwenye mengine mawili. Kimya cha pigo la pili ndicho kinachowafanya watu wanyonge kiuno. Mpiga besi akilijaza kwa sababu amechoka kusubiri, tumba haina pa kuingia. Sebene ikifunguka anaweza kuongeza, ila asubiri ridhim itulie kwanza.

---

Tumba_na_Solo

Asanteni sana, haya ni zaidi ya nilivyotarajia. Mawili tu. Mpiga besi wetu ana besi ya zamani na anataka kung'oa freti kwa ajili ya Jaco, inafaa? Na tumesikia kuna namna ya kufunga gitaa la katikati kwa uzi wa ajabu, Wakongo wanafanya. Nani anaijua?

---

Besi_Nyuzi_Nne

Asing'oe. Ni kweli Jaco alipiga besi iliyotolewa freti, mifereji ikazibwa na ubao ukapakwa epoksi ngumu ya boti. Epoksi ile ndiyo iliyobeba kazi. Bila hiyo, nyuzi zenye mikunjo ya chuma zinakula ubao ndani ya muda mfupi, unapata mitaro na sauti inakwaruza. Pia freti zikitoka, nyuzi zinabaki juu mno ya ubao kwa kimo cha freti, inabidi daraja na kizingiti cha juu vishushwe. Kwa usiku mmoja wa Desemba, azimeni besi isiyo na freti. Na mwenye kuipiga ajue kidole kinakaa juu ya mstari penyewe, si nyuma yake kama kwenye freti. Akikaa nyuma, kila noti itakuwa chini kidogo na ukumbi utadhani gitaa ndilo limekosea tuni.

Au chagueni vibao vyake vya mlio wa kengele, vile vinavyogusa uzi bila kuubonyeza, kwenye freti ya 12, 7 na 5. Hivyo vinatoka kwenye besi yoyote yenye nyuzi mpya. Nyuzi zikiwa kuukuu hazilii.

---

Gumba_na_Shahada

Hilo la uzi linaitwa mi-composé. Unatoa uzi wa nne (D) na mahali pake unaweka uzi mwembamba, namba 9 au 10, ule ule wa kwanza, unautuni D ya juu, oktava moja juu ya D ya kawaida. Maana yake unaushusha toni moja nzima kutoka E, kwa hiyo haukatiki. Vidole vinashika kama kawaida, ila noti zinaruka juu mahali ambapo sikio linasubiri zishuke. Gitaa la kati linang'aa bila kuingilia solo.

Matatizo ni mawili. Mfereji wa uzi wa nne kwenye kizingiti ni mpana, uzi mwembamba utacheza ndani yake na kuvuma. Weka kipande kidogo cha karatasi ngumu chini yake. La pili, gitaa hilo halirudi hali ya kawaida katikati ya seti, kwa hiyo liwe gitaa la peke yake au vibao hivyo vikae pamoja. Ni hivyo hivyo kwa Hendrix mwezi wa kumi na moja: vibao vyake vingi viko nusu toni chini, kwa hiyo shusheni magitaa yote na besi kwa seti nzima, msiwe mnatuni mbele ya watu.

---

Fundi_Mixa

Nimechelewa, niweke la sauti. Magitaa matatu na waimbaji wawili wote wanagombania sehemu moja. Kata chini ya 120 Hz kwenye magitaa yote matatu, besi na dramu vipumue. Ridhim iwe ya katikati, ukali wake upunguzwe. Solo peke yake ndiyo ipewe ung'aavu, 3 kHz hivi, kidogo. Kama spika ziko mbili kwenye ukumbi mpana, usipeleke solo upande mmoja na ridhim upande wa pili kama kwenye santuri, maana aliyekaa kushoto hatasikia nusu ya sherehe. Asilimia 20 hadi 30 kila upande zinatosha. Besi iingie mixa kwa boksi la DI (kiboksi cha kuunganisha gitaa moja kwa moja na mixa), amplifaya ibaki ya kumsikilizisha mpigaji tu.

Mkirekodi klipu za mtandaoni, kumbukeni E ya chini ya besi ni kama 41 Hz na spika ya simu haitoi mzunguko huo kabisa. Kwa klipu pekee, pandisha besi kati ya 700 Hz na 1 kHz, hapo ndipo mtu wa simu atasikia kidole kinavyotembea. Bila hivyo mtaweka klipu ya siku ya kuzaliwa ya mpiga besi isiyo na besi.

Mkitumia rekodi ya asili ya Franco nyuma ya maneno ya utangulizi, mitandao inaweza kuitambua na kuizima sauti. Mkipiga wenyewe suala la rekodi linaondoka, la mtunzi linabaki. Kwa ukumbi wenyewe, leseni ya kupiga muziki hadharani ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla tangazo halijatoka, kwa sababu tangazo lenye jina la msanii ndilo la kwanza kuonekana.